Ngazi za Machakos na Hesabu ya Nyasi

Msafiri aondokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa, kisha akapinda kushoto kuelekea Machakos, huacha nyuma yake mbuga za Athi na punde hukabiliwa na vilima vilivyokatwa ngazi toka bondeni hadi karibu na kilele. Katika ukingo wa kila ngazi hupita mstari wa majani. Wakati wa kiangazi, mahindi yakiisha kuvunwa na mashamba yakiwa ya kahawia, mara nyingi mistari hiyo ndiyo pekee yenye rangi ya kijani.

Mtu aliyepita hapo mwaka 1937 asingeitambua nchi hiyo. Picha zilizopigwa mwaka huo zinaonyesha miteremko iliyo wazi, yenye makorongo na udongo mwekundu uliochunwa kama ngozi. Serikali ya kikoloni iliona kwamba kosa ni la ng'ombe, na mwaka 1938 ikaamuru Wakamba wapunguziwe mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na wengi wakaishia katika kiwanda cha nyama cha Athi River. Maelfu ya wanaume, wanawake na watoto wakaenda Nairobi kwa miguu wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini amri ile haikuweza kuendelea.

Baada ya vita kukaja kazi ya lazima ya kuchimba mitaro. Maofisa walipenda mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa chini wa mteremko, kwa kuwa huchimbwa upesi na urefu wake huonekana vizuri katika taarifa. Watu walichimba kwa sababu walilazimishwa, na mingi ya mitaro hiyo ilibomoka baadaye. Ngazi zilizodumu ni za namna nyingine, na jina lake ni la Kiswahili hata katika vitabu vya Wazungu: fanya juu.

Katika fanya juu, mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa kilima, na udongo huurusha upande wa juu ili uwe tuta. Mvua inyeshapo, maji hushuka na udongo wa shamba, yakafika kwenye tuta, yakapunguza mwendo na kuuacha udongo hapo. Msimu kwa msimu shamba hujisawazisha lenyewe, hata likawa ngazi.

Maelezo ni mepesi, lakini kazi ni nzito. Mtaro wa kawaida una upana wa sentimita 60 na kina kama hicho. Basi mita 100 za mtaro ni mita 36 za ujazo za udongo, zote za kurushwa juu kwa sepetu. Ikiwa ngazi zimeachana mita 10, ekari moja huhitaji mita 400 za mtaro. Tena mtaro na tuta pamoja huchukua kiasi cha mita mbili za upana, yaani sehemu moja ya tano ya shamba isiyopandwa mahindi. Mwenye ekari tatu hana budi kujiuliza kama atarudishiwa alichotoa. Ni swali la haki kabisa, na waliompa amri zamani hawakumjibu.

Jibu mojawapo lilikuwa ni nyasi. Tuta tupu hubomoka, kwa hiyo sharti lipandwe kitu cha kulishika. Likipandwa nyasi za tembo, ambazo wengi huziita nepia, ile sehemu ya tano iliyopotea hugeuka kuwa shamba la malisho. Majani hukatwa na kupelekwa zizini. Ng'ombe aliyefungwa hatembei kutwa akitafuta lishe wala hakanyagi mteremko, na samadi yake hukusanyika mahali pamoja, ikarudishwa shambani. Hata mtaro wenyewe haukai bure, kwani migomba na mipapai hupandwa humo ili inywe maji yaliyotuama.

Lakini nyasi za ukingoni hazitoshi peke yake. Ng'ombe mmoja wa maziwa huweza kumaliza kilo 70 za nepia mbichi kwa siku moja. Kwa hiyo mabua ya mahindi nayo hukatwa na kuwekwa akiba kwa kiangazi. Katika sehemu za chini zenye joto, nepia husinyaa, na huko nyasi ziitwazo makarikari hustahimili zaidi.

Wachimbaji walikuwa akina nani? Wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa katika kazi za mshahara. Mzigo ulibebwa hasa na akina mama katika vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaochimba shamba la huyu leo na la yule kesho. Kuanzia mwaka 1974, Serikali ya Kenya ikisaidiwa na Sweden ilipoanza mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, vikundi kama hivyo vilipata zana na mafundisho. Mshahara wa mjini nao ulisaidia, kwani ndio ulionunua plau, mbegu na pengine ng'ombe wa kwanza.

Soko pia lilivuta. Katika miaka ya 1950 Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kulima kahawa, kwa sharti kwamba shamba liwe na ngazi. Karibu na mji, kituo cha utafiti cha Katumani kilitoa mahindi yanayoiva mapema, yanayofaa mvua fupi zisizo na ahadi. Wilaya iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932 ilikuwa na karibu 1,400,000 mwaka 1989, na bado vilima vilikuwa na miti mingi kuliko zamani. Mary Tiffen na wenzake waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1994.

Isidhaniwe kwamba Ukambani yote imepona. Mbooni na Kangundo zina mvua ya kutosha. Nyanda za chini, zilizo mbali na soko, hazikupata faida ile ile, na mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo hata ngazi nzuri haina cha kuzuia. Liko pia jambo la mbuzi. Mahindi yakivunwa, mbuzi wa jirani huliona tuta la nyasi kutoka mbali, na asubuhi moja ya uzembe hutosha kulifanya liwe tupu. Kwa hiyo mbuzi hufungwa kamba, na mtoto anayerudi shule hupewa panga na kamba ya kufungia majani, akate mzigo wa jioni kabla jua halijazama.