Milima ya Chyulu: Mvua Nyingi, Kijito Hakuna

Msafiri atokaye Kibwezi, katika Makueni, kwenda Milima ya Chyulu huiacha mibuyu na joto chini, akapanda mpaka penye majani mabichi na misitu iliyofunikwa na ukungu. Kilele kirefu kabisa kina mita 2,188. Mbingu ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana upande wa kusini-magharibi.

Lakini asisahau kuchukua kibuyu cha maji. Mvua hunyesha sana huko juu, wala hakuna kijito hata kimoja! Milima hii ilizaliwa kwa moto wa volkeno, na mawe yake yana matundu, hata maji yote hunywewa na ardhi. Hupita chini kwa chini, yakatokea kwenye chemchemi za Mzima, ambako bomba huyapeleka Mombasa.

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa huko mwaka 1983, walakini moto wa majani na shoka la mchoma makaa havijakoma. Msitu ndio unaonasa ukungu. Aukataye hudhani ni kuni tu, kumbe chemchemi za Makindu na Kibwezi, wanakomwagilia mboga jirani zake, nazo hupata maji kutoka milima hiyo hiyo.