Mpagazi wa Sita

Umri wangu umevuka hamsini, na kwa miaka mingi niliamini kuwa michezo niliyobakiwa nayo ni miwili tu, bao na karata. Mpwa wangu ndiye aliyenitia katika mchezo wa tatu. Alirudi masomoni Uingereza akiwa na vitabu vinene vya picha, kifuko cha dadu zenye nyuso nne hadi ishirini, na ombi moja. "Mjomba," alisema tulipokwisha kuamkiana, "wewe umezoea kutunga na umezoea kufasiri. Tunataka utuendeshee safari."

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Uliasisiwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974. Asiyeujua na aufikirie hivi: watu wanakaa kuizunguka meza. Mmoja ni mwendeshaji, naye ndiye aushikaye ulimwengu wote: mvua, wanyama, wenyeji, maadui. Kila mmoja katika waliosalia ana mhusika wake mmoja tu. Mwendeshaji husema: mbele yenu pana mto uliofurika, na ng'ambo yake pana moshi. Wachezaji nao husema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka ya kufaulu dadu huamua. Hakuna dau wala mshindi, na nililazimika kumweleza hivyo jirani yangu, ambaye alisikia mlio wa dadu usiku akadhani nimeanza kamari uzeeni. Ni kama ngano za bibi zetu, ila katika ngano ukishaitika "Pakawa" kazi yako iliyobaki ni kusikiliza. Hapa aliyeitika ana haki ya kumshika msimulizi mkono.

Safari tuliyoichagua imo katika kitabu kiitwacho Tomb of Annihilation, kilichotolewa mwaka 2017. Inafanyika Chult, rasi ya kubuni iliyojaa misitu, mijusi wakubwa wa kale na maiti zinazotembea. Watu waliowahi kufa na kufufuliwa kwa uganga wameanza kunyauka, na wanaokufa sasa hawafufuliki tena. Chanzo ni chombo kilichofichwa ndani ya kaburi lenye tabaka sita, katika mji wa Omu ulioanguka. Chombo hicho kinazinasa roho za wafu. Mwenye kaburi ni Acererak, mchawi aliyekataa kufa, ambaye Gygax alikwisha kumweka katika Tomb of Horrors ya mwaka 1978, kitabu kilichopata sifa kwa jinsi kinavyowaangamiza wahusika. Mchawi wa kike anayenyauka ndiye anayewaleta wachezaji katika bandari ya Port Nyanzaru, na ndiye anayewatuma msituni kabla siku zake hazijakwisha. Sikio la Mswahili haliwezi kulipita jina la bandari hiyo bila kusikia nyanza ndani yake. Nikajua mapema kwamba bara lililokuwa likiotwa humo lilifanana na letu.

Wachezaji wangu walikuwa watano, na walitaka mchezo uende kwa Kiswahili; hivyo kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kufasiri. Neno jungle Waingereza walilipata Bara Hindi, na katika Kisanskriti maana yake ilikuwa nchi kavu. Sisi tuna msitu, mwitu, pori na nyika, na kila moja lina miti yake na hofu yake. Neno dungeon lilinishinda zaidi. Linatoka katika neno la Kifaransa lililokuwa na maana ya mnara mkuu wa ngome. Limeporomoka toka kileleni hadi chini ya ardhi. Nikapendekeza handaki. Mwalimu wa hesabu, ambaye kwa kawaida ndiye mkimya kuliko wote, akasema handaki ni la askari, na kwamba mahali panapofungwa roho tayari tunapo katika lugha yetu: kuzimu. Tukaafikiana.

Ramani ya Chult imegawanywa kwa vyumba vya pembe sita kama sega la asali, kila kimoja upana wa maili 10. Kwa miguu mtu huenda chumba 1 kwa siku. Kwa mtumbwi mtoni, 2. Kwa ajili ya joto kila msafiri anahitaji galoni 2 za maji kwa siku, yaani zaidi ya lita 7. Mara tatu kwa siku mwendeshaji hurusha dadu ya nyuso ishirini, na ikija 16 au zaidi, wasafiri hukutana na jambo. Aongozaye njia naye hupimwa kwa siri. Akikosea, kundi zima huingia chumba kisicho chao bila kujua, na ramani wanayoichora wenyewe huwa ya uongo tangu hapo. Nakiri kwamba jambo hili lilinipa raha isiyo nzuri. Nilikaa nyuma ya kiambaza changu cha kadibodi, ramani ya kweli mapajani, nikiwatazama watu watano wenye akili wakichora mto pasipo na mto.

Kabla ya kuondoka bandarini walinunua mitumbwi, vyombo vya kukingia mvua na dawa ya wadudu, wakaajiri na wapagazi. Katika kitabu cha kanuni kibarua asiye na ujuzi yumo kwenye orodha ya bei: vipande 2 vya fedha kwa siku. Nikaandika daftarini: mitumbwi 2, wapagazi 6. Niliandika kwa kalamu ileile na katika safu ileile.

Siku ya 23 ya safari, dadu ilileta homa. Nikarusha tena ili nijue imempata nani, ikaja upande wa wapagazi. Nikatangaza kwa sauti ya msimulizi: "Alfajiri mpagazi mmoja hakuamka." Mpwa wangu akauliza mzigo wake ulikuwa upi. Mwingine akahesabu kwamba sasa galoni 2 za maji zimeokolewa kila siku. Walikuwa wakicheza vizuri, kama nilivyowafundisha.

Mwalimu wa hesabu akauliza, "Alikuwa akiitwa nani?"

Niliinamia karatasi zangu kana kwamba jina limo. Kisha nikasema, "Juma."

"Umelitunga sasa hivi, Mzee."

Nikanyamaza. Yeye akaziweka dadu zake mezani, akaniambia bila kupandisha sauti: "Babu wa bibi yangu aliingia kisiwa hiki na mzigo kichwani, akitoka bara. Jina alilokuja nalo hatulijui. Tunalijua alilopewa hapa." Akaomba radhi, akachukua mtandio wake, akaondoka. Usiku ule hatukuendelea.

Wiki ile nilisoma upya mambo niliyodhani nayajua. Misafara mingi ya karne ya 19 iliyoingia bara ilijiandalia hapa Unguja. David Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wake waliubeba mwili wake hadi pwani, wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Majina ya Chuma na Susi yamehifadhiwa. Wengi waliotembea nyuma yao hawana hata mstari. Wala si Wazungu peke yao walioitazama bara kwa jicho hilo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake kwa Kiswahili safi ambacho mimi mwenyewe nimejifunzia sentensi. Neno mshenzi tulilitumia sisi watu wa pwani kwa watu wa bara, na hakuna aliyetuamuru. Jioni za mwanzo za mchezo mmoja wa vijana alilitumia kwa wenyeji wa Chult, nami, ninayejiita mlinzi wa maneno, nikaliacha lipite kwa kuwa lilinoga.

Mwaka 2020 wachapishaji wa mchezo walieleza kwamba wamebadilisha maneno yaliyowadhalilisha watu katika matoleo mapya ya baadhi ya vitabu, na hiki kikiwamo. Walifanya vyema. Lakini kosa langu halikuwa katika kitabu chao. Kitabu kinawataja kwa majina waongozaji njia wanaoweza kuajiriwa bandarini. Wapagazi sita niliwaingiza mimi katika safu ya mitumbwi.

Nikakaa nikawapa wapagazi watano waliobaki majina, nyumba walizotoka, na kila mmoja kitu anachokitaka. Mmoja anaogopa mto. Mmoja anaweka akiba ya mahari. Wa sita nilimtungia jina zuri kuliko yote, la kishairi, nikaenda nalo hadi kwa mwalimu kumwomba msamaha.

Alinisikiliza, kisha akasema: "Hilo la kwako, Mzee. Yeye muachie pengo."

Nilipaswa kulijua hilo kabla yake. Nimewahi kufasiri kutoka karatasi za zamani zilizoliwa na mchwa, na kanuni niliyojifunza bila mwalimu ni hii: palipoliwa, weka alama kwamba pameliwa. Mfasiri anayejaza tundu kwa maneno yake matamu humwibia msomaji, kwa sababu msomaji hatajua tena kuwa kuna kitu kilipotea. Kwa ushairi wangu wote, nilikuwa karibu kulifukia kaburi la mtu kwa maua ili lisionekane.

Tulipokutana tena mwalimu alikuja. Kabla sijafungua kiambaza alisema kwamba amefikiri kuhusu kanuni za kitabu. "Kile chombo kinanasa roho za wanaokufa, au cha matajiri tu?" Nikajibu kwamba kinanasa za wote. "Basi na yeye yumo." Meza nzima ilikaa kimya. Tangu siku hiyo hawakumtaja sana yule mchawi aliyewatuma. Walikuwa wakienda kuzimu kumtoa mpagazi.

Tulifika. Ilichukua miezi saba ya Ijumaa baada ya isha, nyingine kwa mwanga wa taa ya chemli umeme ulipokatika. Kaburi la Acererak limejengwa ili kuua, na lilitulia wahusika watatu kati ya watano; mpwa wangu alitengeneza wapya wawili na kuwapoteza wote. Hatimaye chombo kilivunjika. Mpwa wangu alitaka nieleze hazina. Mwalimu akainuka kwanza, akasoma majina ya wapagazi watano, kisha akanyamaza kwa kadiri ya muda wa jina moja, akaketi.

Tukafanya hesabu ya ujira. Wale watano walilipwa siku zao zote. Wa sita alikuwa na siku 23, kwa fedha 2 kila siku: fedha 46. Mmoja wa vijana akapendekeza zigawanywe kwa wenzake. Mwalimu akakataa, nami nikamuunga mkono. Deni hilo bado limo daftarini, katika ukurasa wake lenyewe, na mahali pa jina pako wazi.