Ujumbe Uliopitia kwa Jirani

Waswahili walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo niliielewa barabara usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, pale umeme ulipopotea karibu Kenya nzima. Mimi nilikuwa Nairobi nikilalamikia giza kama watu wengine. Kumbe huko Laare, kwenye milima ya Nyambene, mama yangu alikuwa ameteleza jikoni na kuteguka mguu. Simu alikuwa nayo mkononi, lakini mlingoti wa karibu ulikuwa umezimika. Kaka yangu anaishi ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mama aliita hadi sauti ikamkauka, akakaa sakafuni mpaka alfajiri, wachumaji wa miraa walipopita njia na kumsikia.

Tangu siku hiyo sikupata usingizi mzuri. Nilijiuliza: ikiwa mlingoti mmoja ukifa kijiji kizima kinakuwa bubu, tumeendelea au tumerudi nyuma?

Jibu lilitoka kwa mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hawezi kuona redio mbovu bila kuifungua. "Mjomba," aliniambia, "tunaweza kujitengenezea mtandao wetu wenyewe." Nilicheka. Mimi nilisomea uandishi wa habari, wala si uhandisi. Lakini alivyozidi kunieleza, kicheko kiliniisha.

Simu zetu zote hutegemea mlingoti. Ukizimika, hata watu wawili walio pande mbili za bonde moja hawapatani. Katika mtandao wa wavu hakuna mlingoti mkuu. Kila kifaa ni msemaji, msikilizaji na tarishi kwa wakati mmoja. Kikisikia ujumbe usio wake, hurudia kuutangaza ili kilicho mbele yake kiusikie. Programu ya kufanya kazi hiyo huitwa Meshtastic. Ilianzishwa mwaka wa 2020 na mtaalamu Kevin Hester, na hutolewa bure. Mbinu ya redio inayotumika ni LoRa, iliyobuniwa Ufaransa na kampuni ya Cycleo kabla ya Semtech ya Marekani kuinunua mwaka wa 2012. Hutumia nguvu kidogo mno, lakini hufika mbali. Hata mbuga ya Akagera nchini Rwanda iliichukua mbinu hiyo mwaka wa 2017 ili kulinda wanyama wake.

Tulinunua bodi tatu ndogo, kila moja ikiwa na chipu ya ESP32, ambayo ndiyo ubongo, na chipu ya redio. Tuliongeza betri za kuchajiwa, antena na vibao vidogo vya sola. Mpwa wangu alinipa amri ya kwanza: antena hufungwa kabla ya kuwasha umeme, kwani redio ikitangaza bila antena yaweza kuungua. Amri hiyo niliitii. Ya pili, ya kutazama chanya na hasi, niliisahau. Nililehemu nyaya za betri kinyume, bodi ikatoa moshi, na fedha zangu zikapaa nao. Ikabidi tununue nyingine.

Baada ya hapo kazi haikuwa ngumu. Kila bodi tuliiunganisha na tarakilishi kwa waya wa USB, tukaitia programu na kuchagua masafa ya megahertzi 868. Kisha tuliifungia ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula, mvua isije ikaiharibu. Simu ya kisasa huungana na kifaa kwa Bluetooth, hivyo mama nilimpa ile yangu ya zamani. Sauti haipiti humo, ni maandishi tu, yapata herufi 200 kwa ujumbe mmoja. Lakini neno "nisaidieni" halihitaji herufi 200.

Tulisafiri hadi Laare tukiwa na furaha tele. Kifaa kimoja tulikiweka juu ya paa la mama, cha pili kwa kaka. Tukaandika ujumbe. Kimya. Tukainua antena juu zaidi. Kimya! Mawimbi ya aina hii hupenda njia iliyonyooka, na kati ya nyumba hizo mbili kuna mgongo wa kilima. Kifaa cha tatu kilipaswa kukaa juu ya mgongo huo.

Hapo ndipo tulipofika penye mwiba. Mgongo ule ni wa mzee ambaye hatujasemezana naye tangu alipogombana na marehemu baba juu ya mpaka wa shamba. Mama aliposikia, alifura. "Kama ni kufa nitakufa," alisema, "lakini paa la yule sitaliomba."

Nilimwomba ami yangu aniongoze. Tulikwenda jioni tukiwa na kifungu cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, kama aendavyo mtu wa Meru anapokwenda kuomba. Mzee alitukaribisha kwa adabu, ila uso wake ulikuwa mkavu.

"Hicho kitu kitasoma maneno yangu?"

"La, mzee. Ujumbe umefungwa kwa ufunguo. Chako kitaupokea na kuupitisha tu, kama utingo abebaye bahasha iliyofungwa."

"Na kwa nini kipitishe maneno yasiyo yake?"

"Ndivyo kilivyotengenezwa. Hakijui kusema hayanihusu."

Mzee alinyamaza muda mrefu, akitafuna polepole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usiku ule wa giza nilisikia mtu akiita kule chini. Nikajiambia hayanihusu."

Hakuna aliyemjibu. Mzee aliinuka, akaleta ngazi mwenyewe, akaishikilia huku mpwa wangu akipanda.

Jioni hiyo mama aliandika ujumbe wa kwanza: "Uji umeiva." Ulipanda kilimani, ukashuka bondeni, na kaka akajibu papo hapo. Nilipomweleza mama ulivyopita, alitikisa kichwa. "Hiyo si kitu kipya," alisema. "Zamani nduru ilipigwa kilima hiki, wa kilima cha pili akaipokea, ikafika mbali kuliko mbio za mtu. Nyinyi mmeitia betri tu."

Ndugu msomaji, sikudanganyi kwamba kifaa hiki kitachukua nafasi ya simu. Hata yule mpaka bado haujaamuliwa, na wazee wangali wanausikiliza. Lakini mzee naye ana kifaa chake, na juzi usiku ng'ombe wake aliposhindwa kuzaa, aliyeamshwa na ujumbe wake ni kaka yangu. Alikwenda na tochi.

Bodi, betri na antena hununuliwa dukani. Kiungo kigumu kupatikana ni yule wa katikati, anayekubali kupitisha jambo lisilo lake. Bila yeye, wavu una tundu.