Usimpe Bibi Dawa Hizo



Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaona jambo lenyewe halifai kujibiwa kwa simu. Umesoma kwamba ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer una mchochota, nawe umeshanunua diklofenaki umpe Bibi asubuhi na jioni. Ulichosoma ni kweli. Dawa hizo usimpe.

Wengi husema tu "uvimbe", wakadhani kuna jipu kichwani. Sivyo. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alichunguza kwa hadubini ubongo wa Auguste Deter, mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55, akaona mabaka na nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua mabaka ni protini ya amiloidi, na nyuzi ni tau. Mabaka hayo huzungukwa na maikroglia, seli za ulinzi ambazo ndizo mafagio ya ubongo: humeza uchafu na seli zilizokufa. Mwanzoni huyazingira mabaka yasilete madhara. Lakini uchafu ukizidi kurundikana mwaka hadi mwaka, seli hizo hubaki zimecharuka, zikamwaga kemikali zinazoumiza neva, hata zikala viungio ambavyo neva hupashania habari. Huo ndio mchochota wenyewe.

Utasema, basi tuzitulize. Nami zamani, nikiwa bado nafanya kazi wodini, niliamini hivyo. Ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa wa baridi yabisi, wanaomeza dawa za aina hii miaka mingi, hawaugui sana Alzheimer. Marekani wakajaribu naproxeni na selekoxibu, dawa za jamii hiyohiyo, kwa wazee zaidi ya 2,500. Dawa zikasimamishwa mwishoni mwa 2004 kwa hofu ya moyo, na kinga iliyotarajiwa haikuonekana. Halafu mwaka 2012 ikabainika kwamba waliorithi hitilafu fulani katika jeni ya TREM2, ambayo maikroglia huitegemea katika kazi yao ya kusafisha, wamo hatarini zaidi kuugua. Kwa hiyo mlinzi aliyelegea naye huleta maradhi. Ukimnyamazisha ovyo, hujui umezima kazi yake ipi.

Na Bibi ana presha, mwanangu! Diklofenaki ya kila siku huipandisha, hutoboa tumbo, huumiza figo.

Unakumbuka alivyopata maambukizi ya njia ya mkojo? Alituita kwa majina ya marehemu, akakesha akitafuta mbuzi waliouzwa kabla hujazaliwa. Alipopona, hakurudi pale alipokuwa. Maambukizi ya mwilini hupeleka ishara hadi kwenye ubongo, na maikroglia zilizokwisha kucharuka huwaka zaidi. Hapo ndipo mikono yako inahitajika. Mnyweshe maji hata akikataa mara tatu. Ukiona amebadilika ghafla kwa siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Mpeleke apimwe mkojo na malaria siku hiyohiyo. Dawa ya presha isikatike. Na yale masikio yake, mwombee miadi, maana asiyesikia hujitenga, na akili yake hukosa kazi.

Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ukiingia chumbani kwake, usimwulize kama anakukumbuka. Mtajie jina lako kwanza, kisha mwamkie.

Shangazi yako