Uchaguzi wa Kamera

Atakaye kununua kamera husimama penye njia panda. Tangu mwaka 2008 zinauzwa kamera zisizo na kioo cha kuakisi, ambazo lenzi zake hubadilishwa kwa haja: moja kwa ndege aliye mbali, nyingine kwa chumba chenye giza. Katika nyingi, kibamba kipokeacho nuru kina upana wa milimita 23.5 hivi, katika kamera bora za mfukoni, mara nyingi ni 13.2. Nuru ikiwa haba, tofauti huonekana.

Lakini uzito nao una neno. Bibi mzee hucheka ghafula barazani. Kamera kubwa i kabatini, ndogo i mfukoni. Picha hiyo, hata ikiwa na chembechembe, haina mshindani, maana nyingine haikupigwa. Afuataye ndege na achukue kubwa; apendaye kuwakumbuka watu wake, ile asiyoiacha nyumbani.