Washkaji Walimwaga Bia Yangu Kwenye Maua, Baba Mdogo Ndiye Aliyenipa Ukweli

Leo sina umbea wa mtu, leo najianika mwenyewe. Na kabla hujaanza kucheka, jua kwamba hii stori ilikuwa karibu inipotezee marafiki wote.

Naishi Houston, Texas, mwaka wa saba sasa. Wanaojua maisha ya huku wananielewa: wiki nzima unabeba boksi, Jumamosi mnakutana kwa mtu mmoja, nyama inachomwa, Bongo Fleva inapigwa, mnaongea Kiswahili mpaka koo linakauka. Kwa miaka miwili huyo mtu mmoja alikuwa mimi.

Sababu yenyewe ni bia ya drafti. Nilichukua friji la zamani nikaliweka gereji, nikatoboa mlango, ndani nikaweka kegi mbili za lita 19 na mtungi wa gesi, nje mabomba mawili. Kuna mshkaji anapika bia mwenyewe kwake, maana huku sheria inamruhusu mtu mzima kutengeneza ya kunywa nyumbani. Yeye ananijazia kegi, mimi namimina. Kila nikirusha picha, watu wanamwaga makopa.

Na picha zilikuwa kali kweli. Mipini ya mabomba niliagiza kwa wachongaji wa Mwenge, Dar, imechongwa kwa mpingo, mmoja umbo la mlima, mwingine la twiga. Pamoja na kusafirisha, dola 150 zilikatika. Mabomba yenyewe? Yale yale ya bei chee yaliyokuja na seti, shaba iliyopakwa kromu. Yanang'aa, nikajua yametosha.

Basi bwana, shida zikaanza taratibu. Jumamosi nikishika mpini, hauvutiki. Umeganda kama umegundishwa. Navuta kwa nguvu, bomba linafunguka ghafla, glasi inajaa povu tupu. Nikalifunga, linaendelea kudondosha tone, tone, tone. Mimi nikalaumu joto la Texas, nikalaumu gesi, nikamlaumu hata mpikaji.

Halafu watu wakaanza kuja na chupa zao. "Leo tumbo haliko sawa." "Mimi siku hizi nakunywa ya chupa tu." Tulikuwa kumi na tano, tukawa tisa, tukawa watano. Siku moja mama watoto akaniuliza, "Hivi mbona maua ya uani yananuka bia?" Nikasema labda mtoto kachezea. Kumbe moyoni nilishajua, sikutaka tu kukubali.

Kipindi hicho baba mdogo akaja kutusalimia kutoka Marangu. Jumamosi nikamkaribisha glasi kwa mikono miwili. Akapiga funda moja, akaiweka chini, hakuigusa tena. Wala hakusema kitu. Mzee wa watu akasubiri wageni wote waondoke, ndipo akaniita gereji.

"Washa tochi ya simu. Ingiza kidole humo kwenye mdomo wa bomba."

Nikaingiza. Kikatoka na utelezi mweusi. Wadau, nilitamani ardhi ipasuke.

Baba mdogo hakunifokea. Alisema tu, "Kwetu mtu akikupa mbege kwenye kata chafu, humwambii. Unaacha kwenda kwake."

Usiku huo sikulala. Nikafikiria watu niliowanywesha ule uchafu huku nawaonyesha twiga wa mpingo.

Kesho yake tukafungua mabomba. Nusu saa tunahangaika na spana, hayatoki, mpaka tukagundua kwamba ile pete inayolishika bomba, ukiwa umesimama mbele, inafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na ulivyozoea. Jiwekee hiyo akilini.

Baada ya kulifungua ndipo nikaelewa. Mabomba ya kawaida yanazibia nyuma. Ukifunga, bia iliyobaki kwenye tumbo la bomba inakaa hapo na hewa inaingia. Inakauka, inakuwa gundi, inavuta ukungu na vijidudu. Ndiyo maana mpini unaganda. Juu ya hapo, kromu yangu ilishaanza kubanduka kwa ndani, bia inakutana na shaba, inatoka na ladha kama umelamba sarafu.

Kuna mabomba mengine yanazibia mbele, karibu kabisa na mdomo. Bia inabaki nyuma ya kizibo, haipati hewa, kwa hiyo mpini haugandi hata ukikaa wiki nzima hujamimina. Ya kampuni ya Perlick, ya Milwaukee, yanajulikana sana kwa hilo. Nikachukua mawili ya stenlesi kabisa, siyo ya kupakwa. Nililipa kama mara tatu ya bei ya yale ya mwanzo, na bado yalikuwa chini ya hela ya mipini. Uzi ni ule ule, kwa hiyo twiga wangu akarudi kazini.

Nilitamani pia yale yenye kijimkono cha pembeni cha kupunguza kasi. Ni mazuri kama una bia zenye gesi tofauti tofauti, lakini yana vipande vingi zaidi vya kusafisha, na mimi nilikuwa nimeshindwa hata vichache. Na yale ya mdomo mrefu ya bia nyeusi yenye povu zito ni ya gesi ya naitrojeni. Usiyanunue kwa ajili ya sura.

Tusidanganyane: bomba jipya halikuondoa povu lote. Mpira wangu ulikuwa mfupi mno, nikaweka wa mita 3. Na bomba ni la kufungua mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja, ukilifungua nusu unajitafutia povu. Usafi nao uko pale pale. Kila wiki mbili napitisha dawa kwenye mipira, nafungua mabomba, naloweka, nasugua kwa brashi ndogo, nasuuza. Stenlesi chafu bado ni chafu.

Kazi ngumu ilikuwa kupiga simu. Niliwapigia mmoja mmoja: "Mwanangu, bia yangu ilikuwa mbovu, samahani." Wengi walicheka. Mmoja akakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwagilia maua, akasema, "Nilikuwa naogopa kukuvunja moyo, ulivyokuwa unaipenda ile mipini!" Mwingine hajarudi mpaka leo. Kumbe mkewe aliumwa tumbo Jumamosi moja baada ya kutoka kwangu. Siwezi kujua kama ni bia, lakini siwezi kuapa kwamba siyo.

Siku moja kabla ya kuondoka, baba mdogo alimimina mwenyewe, akanywa glasi nzima. Akasema, "Sasa waite watu."

Nikawaita. Tulikuwa kumi na moja.

Haya wadau, tuambizane ukweli: ukienda kwa mtu ukapewa kitu kibovu, unamwambia au unamwaga kwenye maua? Tiririka hapo chini.