Chuma Moyoni mwa Mti

Mashariki ya Ufaransa, kutoka vilima vya Argonne hadi milima ya Vosges, mpasua kuni hulitazama gogo kwa makini. Akiona ndani ya mwaloni doa la buluu iliyokoza hata kukaribia weusi, huuzima msumeno. Doa hilo humwambia kuwa mle ndani mna chuma.

Tulipopita katika nchi hiyo tuliona jinsi vita vinavyoweza kukaa mtini muda mrefu baada ya wapiganaji kuondoka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipiganwa hapo tokea 1914 hadi 1918. Katika Verdun peke yake mapigano yalidumu kuanzia Februari 21 hadi Desemba 1916, na watu wapatao 300,000 waliuawa. Palipopigwa sana msitu ulitoweka, na miti iliyopo leo ilipandwa baada ya vita. Lakini pembezoni mwa medani miti mingi ilijeruhiwa isife, ikabaki na vipande vya makombora na risasi.

Mti hauwezi kukitoa chuma kilichouingia. Hukifunika tu: kila mwaka tabaka jipya huota chini ya gome, hata kovu likazibwa na nje kusionekane kitu. Chuma nacho hubaki kwenye kimo kilekile kilipoingilia. Mwenye kuhesabu pete kutoka gomeni kwenda ndani aweza kuutambua mwaka wa jeraha.

Ama doa lile, asili yake ni tanini, dawa ya kutengenezea ngozi ambayo watu wa pwani yetu huipata katika magome ya mikoko. Mwaloni unayo kwa wingi. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi wa buluu. Kwa njia hiyohiyo wanakili wa vitabu wa zamani, wakiwemo wa nchi za Kiislamu, walitengeneza wino.

Hasara yake si ndogo. Kipande cha chuma huvunja meno ya msumeno na chaweza kumrukia mpasuaji usoni. Kwa hiyo viwanda vya mbao hupitisha magogo kwenye mitambo ya kugundua chuma, bei hushuka, na mti ambao ungekuwa samani huishia kuwa kuni.

Miongoni mwa waliopigana hapo walikuwamo Waislamu wengi wa Afrika: wa Algeria, Morocco, Tunisia na Senegal, pamoja na Wasomali waliotoka Djibouti, walioshiriki kuitwaa tena ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba 1916. Makaburi ya Waislamu hapo yameelekezwa Makka, na mwaka 2006 ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Ndugu msomaji, huku kwetu hakuna haja ya mizinga ili mti uingie chuma. Tunapigilia misumari kwenye miembe na miarobaini kwa ajili ya matangazo na kamba za kuanikia nguo, kisha tunasahau. Na si kila mti una tanini ya kutosha kuonyesha doa. Atakayeukata baada ya miaka thelathini huenda akawa mwanetu, na hatakuwa na wa kumwonya. Tuung'oe msumari leo, ungali unaonekana.